Maswali na majibu: kabla ya kumwambia mtu aende dirisha lingine, msikilize

Nesi alinitukana na kunipiga kibao leba, ila nimejifungua salama. Kuna haja ya kulalamika?

Ipo, tena kubwa. Swali hili naletewa kila mara na kila anayeuliza anamalizia na "mtoto mzima namshukuru Mungu", kama vile uzima wa mtoto unafuta kibao. Haufuti. Kule Bungoma, Kenya, mama mmoja alijifungulia sakafuni mwaka 2013 kwenye hospitali ya umma, manesi wakampiga na kumtukana, akaenda mahakamani na 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zake zimevunjwa, alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya na aombwe radhi. Wewe anza na barua kwa mganga mfawidhi, sio maneno ya mdomo maana hayo yanaishia koridoni. Andika tarehe na zamu hata kama jina la nesi hulijui, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya, wakikaa kimya nenda Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na manesi mnaosoma hapa, najua mko wachache na mnachoka sana, lakini mama mwenye uchungu sio aliyewanyima wenzenu ajira.

Mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure au analipa?

Bure kwenye vituo vya serikali, Sera ya Afya ya Tanzania ya 2007 inasema hivo na nishalijibu hili mpaka basi. Ulizeni basi kwanini dawa hazipo mkaambiwa mkanunue nje, hilo ndo swali.

Kaka kakatwa mapanga, mapokezi wanataka PF3 (fomu ya polisi) kwanza. Ni sawa?

Sio sawa. Anayevuja damu anatibiwa kwanza, fomu ndugu mwingine anaifuata polisi. Hata aliyebakwa ni hivo hivo, ana saa 72 tu za kuanza dawa za kuzuia VVU, akikaa benchi anasubiri muhuri zinazidi kupungua.

Mdogo wangu alitaka kujiua. Tumemficha nyumbani tunaogopa polisi.

Mpelekeni hospitali leo hii. Hofu yenu naielewa, sheria yetu inahesabu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na mimi nasema inawafungia watu mlango wa hospitali. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinapingana na katiba, natamani na sisi tufike hapo. Kwa sasa asiachwe peke yake, toeni ndani sumu na madawa yote, na mwulizeni wazi kama bado anawaza kufa, kumwuliza hakumpandikizii wazo. Halafu acheni kumwambia "mbona wenzako wana shida kuliko wewe", hayo maneno yanamfunga mdomo na akishafunga mdomo hamtajua kinachoendelea.

Mimi ni afisa ustawi, foleni haiishi. Muda wa kumsikiliza kila mtu nautoa wapi?

Swali zuri kuliko yote. Kuna utafiti ulichapishwa Marekani 1984, madaktari walikuwa wanamkatisha mgonjwa kwa wastani wa sekunde 18 tu toka aanze kueleza, yaani mtu bado yuko kwenye kikohozi hajafika kwenye kilichomleta, pengine mume kaondoka au kodi imeisha. Ukimkatisha atarudi kesho na kesho kutwa na foleni yako itazidi. Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani wakae benchi nje ya kliniki wasikilize watu wenye mawazo mazito, utafiti wa 2016 ukaonyesha waliokaa nao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na sasa mabenchi hayo yamefika hadi Zanzibar. Wanachofanya hakihitaji digrii: mwache amalize, mrudishie ulichosikia uone kama umeelewa, kisha mwulize kati ya hayo yote lipi tuanze nalo. Moja tu. Jaribu kwa wateja watano wa asubuhi kabla hujaniambia haiwezekani.

Maiti ya baba imezuiliwa sababu ya deni.

Poleni sana. Usibishane na dirisha la malipo, nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini na mtendaji wenu wa mtaa, ombeni kuandikishana mlipe kidogo kidogo. Serikali imeshatamka zaidi ya mara moja maiti zisizuiliwe kwa deni. Wakikataa, ombeni kumwona mganga mfawidhi leo leo, msirudi nyumbani kusubiri kupigiwa simu.