Shida si umri, ni nani anatia sahihi

Mhariri, wiki hii mmeuliza wosia uandikwe mtu akiwa na umri gani. Sheria ya Kenya inajibu upesi: ukishatimiza miaka 18 na akili yako ni timamu, andika. Kinachoniuma ni kwamba tunabishana juu ya umri huku watu wakinyang'anywa haki yao kwa sababu ya sahihi.

Kuna mzee wa Kasarani, mwalimu mstaafu aliyekuwa amefiwa na mkewe. Aliacha watoto watatu na ploti yenye vyumba vya kupangisha. Wakubwa wawili wanaishi mbali. Kitindamimba ndiye aliyebaki naye, akimpeleka kliniki ya sukari na kumkusanyia kodi. Mzee akachukua daftari, akaandika kwa mkono wake: ploti ni ya kitindamimba, akiba ya benki wagawane wale wawili. Tarehe ipo, namba ya kitambulisho ipo, sahihi ipo. Mashahidi wawili: jirani, na kitindamimba mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa nyumbani jioni hiyo.

Hapo ndipo palipoharibika. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka mashahidi wawili wamwone mwenye wosia akitia sahihi, au awathibitishie kuwa ni yake, nao watie zao mbele yake. Hayo yalitimizwa. Lakini kifungu cha 13 kinasema mali anayoachiwa shahidi, au mume ama mke wa shahidi, ni batili, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Mzee alipofariki, wosia wenyewe ulisimama, akiba ikaenda kwa wale wawili kama ilivyoandikwa. Ploti ndiyo iliyodondoka. Na kwa kuwa mzee hakuandika mali yoyote iliyosalia iende kwa nani, ikagawanywa kama ya mtu asiyeacha wosia: kati ya watoto wote watatu. Aliyemuuguza baba akabaki na sehemu tu ya ploti aliyoandikiwa yote. Wenzake nao wakapata sehemu zao. Angeitwa mwenye kibanda cha mboga pale langoni atie sahihi badala ya kitindamimba, yasingetokea.

Ndiyo maana huwa nasema huhitaji wakili wala muhuri. Karatasi, kalamu, mashahidi wawili wasioachiwa chochote, jina la msimamizi, namba ya ploti kama ilivyo kwenye hatimiliki, na sentensi ya kusema mali yoyote iliyosalia iende kwa nani. Ukioa au kuolewa baadaye, andika upya, maana ndoa hufuta wosia wa awali, labda kama uliandikwa kwa kuitarajia ndoa hiyo. Wosia wa mdomo usiutegemee: unataka mashahidi wawili, na mwenyewe afe ndani ya miezi mitatu. Muislamu naye afuate hesabu ya dini yake; wosia wake hauvuki theluthi ya mali.

Lakini nikikumbuka ploti zetu nyingi hapa Nairobi, nalegeza kamba. Mwenye cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi bila hatimiliki, au mwenye familia mbili, amtafute wakili, maana kifungu cha 26 kinamruhusu mtegemezi aliyesahauliwa kwenda mahakamani kudai fungu. Aende na cheti, risiti zote za malipo, na majina ya watoto wote, hata wale ambao nyumba kubwa haijawahi kuwaona.