Imeshika, Halafu?

Jumatatu wiki hii mmoja wenu alinikimbilia koridoni, simu mkononi, uso unang'aa. Ilikuwa siku ya 5 baada ya kupandikiza ngozi. Bendeji imefunguliwa na ngozi imeshika kote. "Daktari, asilimia 100!" Nikaitazama picha, nikampongeza, maana kazi ilikuwa nzuri kweli: kingo zimetulia, hakuna damu iliyoganda chini, rangi ya waridi. Kisha nikamuuliza, mkono umelala vipi? Akanionyesha ngozi tena. Nikamwambia ngozi nimeiona, nataka kujua mkono wenyewe. Hakujua. Tukarudi wodini pamoja hadi kitanda cha 11, tukamkuta mtoto amekunja kiwiko hadi kifuani, amelala fofofo. Banzi la kuushikilia mkono ukiwa umenyooka hakuna.

Tulilifunga jioni ileile, mimi na yeye. Jana nikapita, nikalikuta juu ya kabati. Limevuliwa mtoto aoge, na siku nzima hakuna aliyelirudisha.

Sikufoka, lakini usiku sikulala vizuri. Mtoto yule nilishamwona miaka mingi iliyopita, akiwa mtoto mwingine. Ndiyo maana nawaandikia ninyi intani, MO (madaktari mliomaliza intani) na rejistra wa mwaka wa kwanza wa ubingwa, mnaoniambia kila wiki kwamba mnataka upasuaji wa plastiki.

1. Jueni mnachokiomba. Jina hili lina asili ya Kigiriki, la kufinyanga, kukipa kitu umbo. Wengi wenu mnakuja na picha za pua na matiti, na sina ugomvi nazo. Ni kazi halali, na bingwa mzuri huifanya kwa heshima. Lakini taaluma hii ilikomaa kwa watu walioungua na waliopasuliwa nyuso vitani. Harold Gillies aliijenga pale Sidcup, Uingereza, wakati wa Vita vya Kwanza. Jamaa yake Archibald McIndoe akaiendeleza East Grinstead kwa marubani walioungua katika Vita vya Pili, na hakuishia kuwashona: aliwahimiza watoke wodini, waende mjini na nyuso zao vilevile zilivyo, wakazoeane na watu. Na msidhani hiyo ni historia ya mbali. Mwaka 1957 madaktari watatu walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaiita AMREF: Michael Wood, McIndoe huyohuyo, na Tom Rees. Wote watatu walikuwa wapasuaji wa plastiki.

Hapa kwetu kazi inaingia kwa mlango mwingine. Ni mtoto aliyevuta kikombe cha chai mezani. Ni kisigino kilichoingia kwenye spoku za pikipiki barabara ya Ahero. Ni mgonjwa wa kifafa aliyeangukia mafiga akiwa peke yake jikoni. Huyo wa mwisho, ukimrudisha nyumbani na ngozi mpya bila dawa za kifafa, umempeleka motoni mara ya pili.

2. Miaka. MBChB, shahada ya udaktari, 6, iwe Eldoret, Maseno au Egerton huko Nakuru. Intani 1. Kisha unakaa kama MO, na huo muda hakuna anayekuahidi utakuwa mfupi. Halafu ama MMed, shahada ya ubingwa, ya Chuo Kikuu cha Nairobi, miaka 5, ama njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini: MCS, hatua ya kwanza, miaka 2 na FCS, ya ubingwa, miaka 3 juu yake. Ukijumlisha, hata ungeenda bila kupumua, ni 12. Msiniulize njia ipi ni bora. Ulizeni ni wapi mtasimama mezani na kisu mkononi huku kuna mtu anayewatazama.

Logibuku, daftari la kesi mlizofanya, jazeni siku hiyohiyo. Mwenzangu mmoja aliziandika kesi zake kwenye simu tu, simu ikaondoka na mwizi steji ya Kisumu, na miezi minne ya kazi ikaondoka nayo. Tulimcheka, halafu tukamsaidia kuzitafuta kesi moja moja kwenye rejista ya thieta hadi saa tano usiku.

3. Sasa hili la mkono.

Nilikuwa rejistra, nimetumwa miezi mitatu katika hospitali moja ya kaunti huku kwetu. Akaletwa msichana wa miaka 5 kutoka upande wa Nyakach. Maji ya ugali yalikuwa yanachemka kwenye mafiga, akajikwaa, sufuria ikammwagikia kifuani, kwapa la kulia na mkono hadi chini ya kiwiko. Nilipima asilimia 14 ya mwili. Mama yake alikuwa Nairobi akitafuta riziki. Aliyemleta na kulala naye chini ya kitanda ni nyanya yake. Wiki tatu tulimsafisha na kumfunga, nyama ikawa nyekundu na safi, nikamweleza bingwa wangu kwa simu, akakubali, nikaomba nafasi thieta.

Nilichuna ngozi pajani kwa kisu cha Humby, nyembamba, nikaipitisha kwenye mashine ya vitundu, nikaitandaza. Siku ya 5 nikafungua mwenyewe. Imeshika yote. Nikapiga picha, nikaituma kwa bingwa na kwa kundi letu la marejistra, pongezi zikamiminika. Pongezi zile nilizisoma mara nyingi kuliko nilivyomtazama mtoto.

Jioni hiyo sista mmoja, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akaniuliza: "Daktari, huu mkono hatuunyooshi?" Nikamjibu kwamba mtoto ana maumivu, ngozi bado changa, tumwache apumzike. Sista akanitazama kidogo, akaendelea na troli yake. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimejibu jambo nisilolijua kwa sauti ya mtu anayelijua. Mtoto mwenye maumivu hukunja kiwiko na kubana kwapa kwa sababu hapo ndipo anapopata nafuu, na kovu humfunga papo hapo. Ngozi nyembamba ndiyo inayovuta zaidi, na nilikuwa nimeiweka juu ya viungo viwili. Kiwiko kilitakiwa kunyooshwa, kwapa lifunguliwe digrii 90, banzi lifungwe pale thieta kabla dawa ya usingizi haijaisha. Plasta ilikuwa kabatini. Nilipokuwa intani nilifunga mabanzi ya mifupa hadi nikachoka, na haikunijia kabisa kwamba ngozi nayo inataka kushikiliwa.

Siku ya 10 nikamruhusu. Kwenye kadi nikaandika TCA 6/52, yaani arudi baada ya wiki 6. Sikueleza neno. Nyanya yule hakusoma Kiingereza, na hata anayekisoma, nje ya hospitali nani anaijua TCA? Kliniki ilikuwa Jumatano tu, matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Akaniambia "Erokamano, daktari," asante kwa Kijaluo, akambeba mjukuu mgongoni. Wiki ya 6 ikafika, hakuja, na mimi sikuuliza. Miezi yangu mitatu ikaisha, nikarudi Nairobi.

Miezi 9 baadaye nilirudi hospitali ileile na timu ya kambi ya upasuaji. Kwenye foleni kulikuwa na mtoto aliyekunja mkono kifuani kama aliyekumbatia kitabu. Yeye sikumtambua. Nilimtambua nyanya. Akamvua mtoto sweta taratibu, kwanza mkono wa kushoto, kisha akalizungusha shingoni, kwa sababu wa kulia haukupita. Mkono wa juu ulikuwa umeunganika na ubavu kwa utando mnene wa kovu, na kiwiko kimekunjika kikagoma. Nyanya akasema: "Daktari, ile ngozi uliyotuwekea ilishika sana."

Hakuwa ananilaumu. Neno hilo alilipata kwangu. Siku ya 5 nilimwambia kwa furaha, "Imeshika, nyanya, imeshika vizuri," na yeye kwa miezi yote tisa alipouona mkono unazidi kubanwa alidhani ndiyo dawa inafanya kazi. Akanieleza kwamba mtoto ameanza shule na anaandika kwa kushoto. Siku moja, kwa kutaka kujua, alimjaribu kile kipimo cha zamani, mtoto kupitisha mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, ambacho enzi zake ndicho kilichokupa nafasi ya kuingia darasa la kwanza. Mkono haukufika hata begani.

Nilimwambia ukweli, pale pale, watu wakisikia. Kwamba haikuwa dawa. Kwamba kulikuwa na kifaa cha kufunga, kilikuwa kabatini, sikukifunga. Kwamba nilimpa kadi asiyoweza kuisoma. Alinyamaza muda mrefu huku akimrudishia mtoto sweta, kisha akauliza kama inaweza kurekebishwa.

Bingwa wangu alisimama upande wa pili wa meza na kuniacha nikate. Kovu likafunguka, na pengo lililobaki likakaribia kuwa sawa na kidonda cha kwanza. Hilo litawashangaza siku mtakapoliona. Kwapa tulilipa flapu, kipande cha ngozi kinachohamishwa na mishipa yake ya damu. Kiwiko kikapata ngozi nene, kipande kizima kisicho na vitundu. Banzi nilifunga mimi, mtoto akiwa bado usingizini, na mtu wa OT, anayewasaidia wagonjwa kurudia shughuli zao, akamtengenezea jingine la kwenda nalo nyumbani. Miezi 6 ya banzi kila usiku, ya mafuta na kulisugua kovu asubuhi na jioni, na mimi nikimpigia nyanya simu kila Jumapili baada ya kanisa. Kiwiko kilinyooka karibu chote. Kwapa halikurudi kamili. Leo ni msichana mkubwa. Mkono unafika juu ya kichwa lakini haufiki nyuma ya shingo, kwa hiyo nywele zake hawezi kuzifunga mwenyewe. Hilo linabaki naye maisha yake yote, na lilianza kwa jibu langu kwa sista.

4. Mengine haya ni mepesi, yashikeni tu. Saa 8 za kwanza za Parkland, fomula ya maji ya dripu kwa aliyeungua, zinahesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika kwenu. Akitoka Busia au Migori huenda nusu yake imeshakwisha njiani. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Pete zitoke kabla mkono haujavimba. Kidole cha glavu mnachofungia damu kidoleni kibanwe na fosepsi, mtu asije akakisahau chini ya bendeji. Aliyeungua shingo hapewi mto. Kidonda kilichofunguka juu ya kovu la zamani la moto, kikakaa miezi, kateni kipande kiende maabara. Saratani hupenda kukaa hapo.

Kiloidi ya sikio, kovu linalokua kupita kidonda, msiikate mkaenda zenu. Inarudi kubwa zaidi, na mgonjwa anarudi nayo kwangu, si kwenu.

5. Bendeji ni kazi ya daktari pia. Kila mwaka napata kijana anayeandika "endelea na dressing" na kupita. Kaa ufungue mwenyewe. Lowesha kwanza, usibandue kikavu, na mtoto apewe dawa ya maumivu nusu saa kabla, si wakati ameshaanza kulia. Pajani, pale ulipochuna, pataumiza kuliko penye kidonda, mwambie mgonjwa mapema asidhani ameharibika. Wauguzi wa wodi ya moto wamefungua vidonda vingi kuliko mtakavyofungua ninyi katika hiyo miaka 12, na sista akiuliza swali, simama, weka simu mfukoni, umsikilize hadi mwisho. Mwaka jana niliwahi kumtoa MO mmoja nje ya wodi kwa kumjibu sista kwa mkato. Alikasirika. Sasa ni rejistra, na ndiye anayewafundisha wengine kufunga banzi la mkono: kifundo kimeinuliwa kidogo, vidole vimekunjwa kwenye shina na kunyooshwa mbele, gumba limetengwa.

6. TCA. Andikeni mkitaka, lakini semeni kwa mdomo: siku gani, saa ngapi, mlango upi, aulize nani, aje na nini. Chukueni namba ya simu ya mtu anayekaa na mgonjwa, si ya baba aliye Mombasa. Ulizeni nauli. Kama nauli haipo, tafuteni kliniki iliyo karibu na mzungumze na mtu wa pale kabla mgonjwa hajatoka kitandani. Mnaona ni kazi ya ustawi wa jamii. Ni kazi yenu hadi mtakapohakikisha ustawi wa jamii wameipokea.

Kesho raundi naanzia kitanda cha 11, saa mbili kamili. Plasta ya inchi 6 iko kabati la chini upande wa kulia, pamba ya kutanguliza iko nyuma yake. Kabla sijafika, mmoja wenu akae na mama wa mtoto, amwonyeshe jinsi ya kulivua banzi na kulirudisha akishamwogesha, kisha mama alifunge mwenyewe huku mkimtazama. Na msimwambie imeshika. Mwambieni mkono unatakiwa uwe umenyooka.