Mkuu, futa hiyo listi ya maneno ya ulevi kabla hujapanda ndege kwenda Chile

Mkuu, acha kila kitu, ingia kwenye simu yako uifute hiyo listi. Umeandika kwamba unaanza kazi ghalani Santiago mwezi wa tisa, kwamba umeshakariri maneno kibao ya mtaani ya pombe na ulevi kutoka kwa yule mwalimu wa video "ili Wachile wanione mwenzao", na ukaomba pia ushauri wa chumba cha kupanga, nguo za baridi na namna ya kutuma hela nyumbani. Mifano uliyoweka ni hii: "ir de cañas", "pillar un ciego", "coger una merluza". La kwanza ni kwenda kupiga bia, mawili yaliyobaki ni kulewa, na yote ni maneno ya Hispania. Wewe unakwenda Chile. Hapo katikati kuna Atlantiki nzima na milima ya Andes, na huyo mwalimu hajakwambia.

Naongea kwa ukali kwa sababu njia hiyo nimeipita na najua inaishia wapi.

Mimi Kihispania nilifundishwa Dar na Mtanzania mwenzetu aliyewahi kuishi Madrid. Somo la vitenzi akatupa "curar", yaani kutibu au kuponya. "Estoy curado", akasema, ndiyo nimepona. Kwenye kamusi yuko sahihi, na Hispania wala huna shida nalo. Hata paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi huitwa "jamón curado". Ila Chile ukimwambia mtu "estoy curado" umemwambia umelewa. Ndilo neno lao la kila siku. Aliyelewa tilalila wanasema yuko "curado como tagua", na tagua ni ndege wa majini. Mtoto mdogo wa Santiago analijua hilo. Mwalimu wangu alikuwa halijui, na badala ya kusema "mimi najua ya Madrid tu", akatuambia Kihispania ni kimoja, ukikijua umekijua.

Sasa sikiliza kilichotokea. Nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala, mkataba wa muda. Ikafika tarehe 18 Septemba, sikukuu yao ya taifa, wenyewe wanaiita "el Dieciocho". Tarehe 19 nayo ni mapumziko, kwa hiyo watu hunywa kwa kuunganisha. Mimi siku hizo zote nilikuwa kitandani na mafua makali na homa. Nikarudi kazini macho mekundu, sauti imekauka, natembea kwa kujivuta. Msimamizi akasimama mbele ya foklifti akaniuliza, "¿Cómo estái?" Nikamjibu kwa furaha ya mtu aliyepona, "Bien, jefe, ya estoy curado." Akakunja uso. "¿Curado?" Nikadhani hajanisikia vizuri kwa sababu ya ile sauti. Nikaongeza: "Sí, completamente curado, desde anoche."

Yaani nimemwambia bosi, mbele ya watu, kwamba nimelewa kabisa tangu jana usiku na nimekuja kuendesha mashine. Akaniuliza kama nataka kuendesha nikiwa hivyo. Nikasema naam, ndiyo kazi yangu. Halafu, kwa kutaka kuwa mchangamfu, nikatoa lingine nililofundishwa la Madrid: nikasema baada ya zamu twende tukapate "unas cañas". Hispania caña ni glasi ndogo ya bia ya bomba. Chile "andar con caña" ni kuamka na kichwa kinagonga kwa sababu ya pombe ya jana. Kwa hiyo nimemalizia kwa kuwakaribisha wote kwenye mning'inio. Mnaocheka, chekeni sasa hivi mmalize tuendelee.

Siku nyingine pengine angenielewa, maana Wachile nao wanajua kwamba curado ni mtu aliyepona. Lakini asubuhi ile, baada ya Dieciocho, nusu ya ghala ilikuwa inanuka divai, naye alishaambiwa na wakubwa zake awe macho. Funguo akachukua palepale. Nikarudishwa nyumbani bila malipo ya siku hiyo, jina likaandikwa kwenye daftari. Ndani ya basi kijana mmoja wa Venezuela tuliyekuwa zamu moja akanieleza nilichosema, nami nikatamani kushuka nirudi kwa miguu nikajieleze. Kesho yake nilijieleza. Msimamizi alinisikiliza vizuri tu, hata akatabasamu, lakini maandishi ya daftarini hayakufutwa. Mkataba ulipofika mwisho haukuongezwa. Barua haikutaja ulevi, ilisema tu muda umekwisha. Nilikuwa nimeshalipia kodi ya chumba na nimemwahidi mdogo wangu ada ya chuo.

Na msimamizi simlaumu. Chile hawana mzaha na pombe na usukani. Mwaka 2012 walipitisha sheria wanayoiita Tolerancia Cero, kiwango cha pombe kwa dereva kikashushwa kutoka gramu 0.5 hadi 0.3 kwa lita ya damu, na kuanzia 0.8 unahesabiwa uko katika "estado de ebriedad", yaani umelewa kisheria. Mwaka 2014 ikaja Ley Emilia, iliyopewa jina la mtoto mchanga aliyeuawa na dereva mlevi: ukiua au ukimjeruhi mtu vibaya ukiwa umelewa, jela unakwenda, angalau mwaka mmoja ndani. Katika nchi ya namna hiyo mtu akikwambia mwenyewe kwamba amelewa halafu ashike foklifti, utamwachia?

Ninayemlaumu ni mwalimu. Na sasa namlaumu huyo wa kwako wa video, anayekusanya maneno kutoka nchi ishirini, anayamwaga chapati na maharage kwenye sahani moja, anaandika juu yake "ongea kama mwenyeji". Mwenyeji wa wapi? Chukua "pedo", ambayo kwa asili ni ushuzi. Meksiko "estar pedo" ni kulewa, "una peda" ni sherehe ya kunywa mpaka kuche, na "no hay pedo" ni hakuna shida. Argentina wanasema "en pedo", na ukisema "ni en pedo" umekataa kabisa, ng'o, wala hujagusia pombe. Sasa wewe umelikariri neno moja na maana moja. Hiyo "coger una merluza" ndiyo iliyonitoa jasho. Hispania "coger" ni kushika au kupata, merluza ni samaki, na maneno yote pamoja ni kulewa. Lakini Argentina na Meksiko "coger" ni tendo la ndoa, tena kwa lugha ya matusi. Ukiitamka Buenos Aires mezani kwa watu wazima, umewaambia unataka kufanya nini na samaki?

Hata hali ya asubuhi yake, ile ambayo sisi tunatafuta supu au mtu anazimua, kila nchi ina neno lake. Hispania na Argentina ni "resaca", kama wimbi linalorudi baharini. Meksiko ni "cruda", mbichi. Kolombia "guayabo", mpera. Venezuela "ratón", na yule kijana wa basini alikuwa akisema ana "ratón" watu wa Santiago wanaangalia chini kutafuta panya. Ekwado "chuchaqui". Guatemala mpaka Panama "goma". Na mlevi mwenyewe: Guatemala na El Salvador ni "bolo", Ekwado "chumado", Venezuela "rascado". Nayapenda sana maneno haya, sikufichi, kila jipya nikilisikia naliandika. Lakini nayaandika na nchi yake pembeni, na siyatumii.

Kanuni yangu ni moja, na ningeomba uishike hata kama mengine yote utayapuuza: neno la ulevi usilitamke mpaka umelisikia kwa mwenyeji wa nchi hiyohiyo, akiwa hana glasi mkononi, akilisema mbele ya mtu anayemheshimu. Anayelitamka baa saa nane usiku si ushahidi. Mchekeshaji wa video si ushahidi. Mama mwenye nyumba akilisema mbele ya wajukuu, hapo chukua. Kabla ya hapo kaa na "borracho", yaani mlevi, linaeleweka kote, ingawa ukimwita nalo mtu usoni ni ugomvi. Sikiliza mengine yote, elewa mengine yote, ila mdomo ufunge.

Ukipona ugonjwa sema "ya me mejoré" au "me siento mejor". Ziandike nyuma ya kitambulisho cha kazi kama ikibidi. Usiniambie utakumbuka, maana "curado" itakutoka yenyewe, iko kwenye kila kitabu cha darasa la kwanza.

Na kwa kuwa unaingia Septemba hiyohiyo, jiandae. Watakupeleka kwenye "fonda", vibanda vya sikukuu vya kula, kunywa na kucheza cueca, ngoma yao ya taifa. Utapewa "terremoto", tetemeko la ardhi: divai nyeupe tamu ya pipeño iliyotumbukizwa aiskrimu ya nanasi. Inashuka kama juisi, miguu ndiyo inajua. Glasi ndogo inayofuata huitwa "réplica", lile tetemeko dogo la baadaye. Mtu akikuuliza tu "¿tomas?", hajakuuliza kama unakunywa maji, Amerika ya Kilatini hilo swali ni la pombe. Kama hunywi, "no tomo, gracias" inatosha, hakuna atakayekusumbua sana. Kama unakunywa, kunywa, lakini kesho yake kazini msimamizi akikuuliza hali, jibu "bien, jefe" na uishie hapo. Usiongeze neno hata moja.