Imefilisika, imefilisiwa au iko chini ya msimamizi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwenye habari za biashara nasikia kampuni ile ile leo "imefilisika", kesho "imefilisiwa", keshokutwa "iko chini ya mrasimu". Ni kitu kimoja ama? Na anayekuja kuuza mali ndo anaitwa muflisi?

Jibu: Marahaba. Si kitu kimoja hata kidogo, na hapa watu wanaumia kwa sababu ya neno tu, manake saplaya akisikia "imefilisiwa" anazuia mzigo siku hiyo hiyo na kampuni iliyokuwa na nafasi ya kuinuka inazama kweli.

Kufilisi ni kumkamatia mtu mali ziuzwe ili madeni yake yalipwe. Kampuni iliyofilisika imeishiwa, haiwezi kulipa, basi, hiyo ni hali na huenda hakuna aliyeigusa bado. Iliyofilisiwa imetendwa: mali zimeuzwa na wadai wamegawana kilichopatikana. Anayeifanya kazi hiyo ni mfilisi. Muflisi ni yule aliyeishiwa, neno la Kiarabu hilo, ndugu yake fulusi, yaani pesa. Sasa mtu akiandika "mahakama imeteua muflisi" amesema mahakama imemchukua aliyefilisika ikampa kazi ya kuuza mali za wengine! Tafadhali tuiache hiyo.

Mrasimu ni neno la magazeti ya Kenya, yule anayewekwa na benki yenye dhamana, yaani iliyokopesha kwa kushikilia mali za kampuni kama rehani, ashike kampuni mpaka benki ipate chake, kama benki ya KCB ilivyofanya kwa kampuni ya sukari ya Mumias Septemba 2019. Huyu anamtazama aliyemweka, na ndo maana waliotaka sheria ibadilishwe walilalamika kwamba kampuni inakamuliwa tu halafu wafanyakazi na wadai wadogo wanabaki mikono mitupu. Sheria ya ufilisi ya Kenya ya 2015 ikaleta msimamizi, ambaye anatakiwa kwanza ajaribu kuiokoa kampuni ikiwa hai, anawafanyia kazi wadai wote, na akiwa pale huwezi kuja kunyakua mali mpaka yeye au mahakama ikuruhusu.

Angalia Nakumatt, ile kampuni ya supamaketi ya Kenya. Iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na kuna matawi yaliendelea kuuza unga na sabuni kama kawaida, ukisema wakati huo ilishafilisiwa umekosea. Wadai walipiga kura ifilisiwe Januari 2020, miaka miwili baadaye. Mjadala wa nani alipwe kwanza haujaisha kwa sababu saplaya asiye na dhamana bado yuko nyuma sana kwenye foleni ya malipo, na mimi naona ana haki ya kupiga kelele, lakini apige kelele akijua kampuni iko hatua gani.

Ila "msimamizi" peke yake watu wataelewa ni bosi wa kawaida wa ofisini, kwa hivyo ukitaja mara ya kwanza andika "msimamizi wa kuinusuru kampuni", ukishaeleweka "msimamizi" inatosha.