Stima ikipotea, ruta isizime

Stima ikipotea kwetu Kisauni, taa si shida. Tochi ya simu yatosha. Kilichonitesa ni ruta. Nafundisha kwa intaneti usiku, na somo kukatika katikati huniuma sana, maana mwanafunzi ameshalipia saa yake.

Nilianza na pawabenki niliyokuwa nayo, nikaongeza waya wa kupandisha volti 5 za USB ziwe 12. Ruta iliwaka vizuri. Nikaiacha pawabenki kwenye soketi ijichaji huku ikiilisha ruta. Stima ilipokwenda, ruta ikazima, ikajiwasha upya, na somo likaanguka vilevile. Kumbe pawabenki nyingi, zikitoka kwenye kuchajiwa kuingia kwenye kazi ya kutoa umeme peke yake, hukata kidogo tu. Kidogo hicho chatosha kuiangusha ruta.

Fundi mmoja wa Mwembe Tayari ndiye aliyenifungua macho. "Dada, soma adapta yako kwanza," akaniambia. Yangu imeandikwa 12V 1A, yaani volti 12 na ampia 1. Volti za yupiesi (UPS), yaani kifaa chenye betri kinachoshika kazi papo hapo stima ikipotea, lazima ziwe zilezile za adapta. Ampia zikizidi hakuna neno, zikipungua ni tatizo. Tazama pia kile kichoro cha chanya na hasi: ruta nyingi hutaka chanya katikati ya pini, na ukigeuza waweza kuiua. Nikanunua yupiesi ndogo ya DC, yaani inayotoa umeme wa aina ileile ya adapta, lakini sikulipa kabla ya kuijaribu palepale. Nilikwenda na ruta yangu, nikachomoa plagi ya ukutani mara nne, macho yakiwa kwenye taa za ruta. Hazikupepesa. Nawe usione haya kufanya hivyo.

Namba ya kwenye boksi isikudanganye. mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 10,000 huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri ndani, yaani wati-saa 37. Ruta inayokula wati 6 itakwenda kama saa 5, ukitoa umeme unaopotea njiani.

Joto letu la pwani huichakaza betri ya lithiamu upesi, kwa hiyo usiilaze juu ya ruta wala usiiweke dirishani penye jua. Ikivimba, iache kabisa, usiitoboe.

Na kama watumia faiba yenye kisanduku chake mbali na ruta, nacho chataka umeme. Tafuta yupiesi yenye matundu mawili ya kutolea.