Goti linauma mbele, na nyie mshaprinti karatasi

Madogo wa fiziotherapia mlio fildi nawapenda ila kwa hili mnanichosha. Mgonjwa hajamaliza kusema goti linauma mbele, tayari kashapewa karatasi ya skwati na kunyanyua mguu ulionyooka, haya kwaheri rudi wiki ijayo.

1. Pima kwanza. Dogo wa miaka 13 mwenye kinundu kinachouma chini ya pia ya goti si sawa na dada anayeumia akishuka ngazi au akikaa sana kwenye daladala. Likivimba au likikwama, arudi kwa daktari.

2. Nyonga jamani! Mwongozo wa wanafiziotherapia wa Marekani wa 2019 kuhusu maumivu ya mbele ya goti unasema changanya mazoezi ya nyonga na ya goti, na goti likiuma sana unaweza kuanza na nyonga.

3. Pembe ya goti, kwa nyuzi: 0 limenyooka, 90 limekunjwa kama umekaa kitini. Hapa ndo nilichemka. Kuna mama mmoja mwalimu, nikamfunga kifuko cha mchanga kifundoni, anyooshe goti akiwa amekaa, kutoka 90 mpaka linyooke kabisa, halafu skwati za kwenda chini, nikijua ndo paja linakomaa. Akarudi anachechemea. Nikamwambia mwalimu, hufanyi mazoezi wewe. Akanijibu kwa upole, nafanya mwanangu, asubuhi na jioni. Sikumwamini mpaka nilipomkuta kwenye ngazi anashuka kinyumenyume, mikono yote miwili kwenye reli. Kumbe alikuwa mtiifu kupita kiasi, na nyumbani choo ni cha kuchuchumaa na darasa lake lipo ghorofani, sasa mimi nikamwongezea mzigo juu ya mzigo. Ukimnyoosha akiwa amekaa, 90 mpaka 45 ndo pia ya goti inabanwa kidogo, skwati ni kinyume chake, 0 mpaka 45. Na swali hilo chuoni nililipatia! Nikamwomba radhi, tukaanza upya na nyonga, na kukaa-kusimama kwenye kiti kirefu.

4. Maumivu kidogo ruksa, mpaka 3 kati ya 10, kesho yake yawe yametulia. Tepu ya kubandika gotini ni ya wiki za mwanzo na iende na mazoezi. Ile mashine ya altrasaundi ya kutibia goti zimeni.

5. Anayetafuta zoezi la msuli wa ndani wa paja peke yake, akilipata anishtue.

6. Mazoezi matatu anayoyafanya yanatosha kuliko kumi ya kwenye karatasi. Ukimpa raba ya kuvuta mwonyeshe pa kuifunga, maana yupo aliyeifunga kwenye kitasa cha mlango, yupo katikati ya seti mtoto akafungua.