Trafiki kakuandikia: maswali ya madereva

Naendesha boda Busia, Uganda. Trafiki ameniandikia faini, halafu akanong'ona nimpe elfu hamsini tumalizane. Nifanye nini?

Usimpe, ndugu yangu. Faini ya papo kwa papo hailipwi mkononi mwa askari. Inalipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, nawe unabaki na risiti. Hongo haikuachii hata karatasi, na kutoa nako ni kosa. Muda wa kulipa umeandikwa kwenye karatasi ya faini, usiupitishe.

Mimi ni dereva wa lori, Malaba. Kosa nililoandikiwa silikubali. Lazima nilipe?

Hapana. Ukilipa umekubali. Ukikataa, unaomba kesi iende kortini, kwa hakimu. Usitafute jengo la korti ya trafiki peke yake. Makosa haya husikilizwa katika korti za mahakimu za kawaida, kama ile ya Buganda Road, Kampala. Kule mwendesha mashtaka ndiye wa kuthibitisha, si wewe.

Mimi ni mama, na Kiingereza sikijui. Nikisimama kizimbani nitajibuje?

Swali hili linaniuma. Niliwahi kuketi kortini nikamwona kijana wa boda, helmeti kaikumbatia kifuani, akisomewa shtaka la kuendesha bila bima. Akaitikia kwa kichwa ili yaishe. Nje, akitafuta hela za faini, akatoa mfukoni mwa shati stika ya bima iliyokunjwa mara nne. Bado ilikuwa hai! Hakuelewa alichoulizwa.

Mama, Katiba, ibara ya 28, inakupa mkalimani bila malipo. Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, basi usione haya. Kabla hujajibu lolote, sema: "Mheshimiwa, naomba mkalimani wa Kiswahili." Hata ukikiri, hakimu anapaswa kusikia kwanza maelezo ya tukio, kisha akuulize kama ni ya kweli. Hapo ndipo pa kusema, "Bima ninayo, hii hapa." Ukieleza hivyo, haandiki tena kwamba umekiri, kesi inasikilizwa.

Polisi wanaomba pesa ya dhamana ya kituoni. Ni kiasi gani?

Hakuna. Dhamana ya polisi ni bure. Na wakikushikilia, lazima wakufikishe kortini ndani ya saa 48.

Nimehukumiwa, sikuridhika.

Notisi ya rufaa iwasilishwe ndani ya siku 14. Hukumu ya hakimu wa daraja la kwanza inakwenda Mahakama Kuu. Omba nakala ya hukumu kwa karani siku hiyohiyo.